Mama wa Mwali Alikaa Nje

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika miguu ya mwanamume aliyeanguka kutoka juu ya mfenesi. Sikuwa nimefundishwa kitu. Nilifika hospitalini Kisarawe asubuhi nimevaa gauni la kazi lililonibana makwapani. Matroni akaniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala, akamwambia msaidizi wake, "Huyu ana mikono. Asipoteze muda kufagia. Mpeleke eksirei akashike watu." Nikaenda kushika watu, na sikuacha mpaka nilipostaafu.

Naitwa Sikudhani. Shule niliishia darasa la nne. Haya nayaandika kwa ajili ya ninyi mnaoanza kazi kwenye vyumba vya picha, mnaovaa viatu vyeupe na kuzungumza na kompyuta. Mimi nilikuwa mhudumu tu, siyo mpiga picha wala daktari. Lakini picha haikupigwa mpaka mimi niseme mgonjwa ametulia, na katika kutuliza watu sikuwahi kuona aliyenizidi. Anayeona najisifu aje Misugusugu tubishane.

Yule mzee wa mfenesi alikuwa anapiga kelele kama anachinjwa. Mpiga Picha wa Kisarawe, bwana mmoja mwembamba asiyecheka, akanivisha aproni ya risasi. Ile risasi ni madini mazito, yameshonewa ndani ya aproni ili mionzi isimchome anayemshika mgonjwa. Nilihisi nimebebeshwa gunia la mihogo mibichi. Akaniambia, "Ukimwonea huruma atatikisika. Akitikisika, picha inatoka kama moshi. Picha ikiwa moshi, mfupa wake utaungwa kombo. Sasa chagua huruma ipi." Nikamshika. Mfupa ukaonekana, ukaungwa ukanyooka. Yule mzee alipanda mifenesi tena, hakukoma.

Enzi zile picha ilikuwa karatasi ya plastiki inayooshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, kisha inaanikwa kwenye vibanio kama dagaa. Mikono yangu ilinuka ile dawa hata nikila ugali. Nilijifunza kuning'iniza picha bila kuacha alama ya kidole, maana alama ya kidole juu ya pafu daktari anaweza kuiona ugonjwa. Mpiga Picha aliniambia siku moja, bila kunitazama, "Wewe huna papara." Kwa mtu yule hiyo ilikuwa zawadi. Niliibeba mpaka nyumbani.

Baada ya miaka mingi nikahamia Kibaha, kwenye kituo cha vipimo kando ya barabara ya Morogoro. Hapo nikakuta siti skani, mashine yenye umbo la tairi la lori ambayo mgonjwa anapitishwa katikati yake. Baadaye ikaja MRI, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa kazi kweli.

MRI haina mionzi. Ni sumaku, tena sumaku ambayo hailali. Ukiingia na funguo zinaruka. Ukiingia na kadi ya benki inakufa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhudumu ni kumvua mgonjwa kila chenye chuma: heleni, pini za hijabu, vibanio ndani ya wigi, sidiria yenye waya, mkanda, simu. Na hirizi. Wapo wanaozivaa zimefungwa kwenye kibati. Mpiga picha kijana akisema, "Vua hiyo, weka kwenye droo," mgonjwa anaondoka zake, hata kama amesafiri kutwa nzima. Mimi nilikuwa nasema, "Nipe mimi nikushikie. Nitasimama pale kwenye dirisha la kioo, utaniona nimeikumbatia." Na kweli nilisimama nayo, kiganja kimefumbwa, ingawa mimi mambo hayo siyaamini. Mgonjwa akitoka anaikuta ya moto kwa jasho langu. Hakuna aliyewahi kuninyima.

Kazi ya pili ni kumlaza. Kichwa kinawekwa ndani ya kitu kama kikapu, masikio yanazibwa, mkononi anapewa mpira wa kubonyeza akizidiwa. Kisha anasukumwa ndani ya bomba, na ile mashine inaanza kugonga. Fikiria fundi bati anaezeka paa na wewe umelala juu ya dari. Wanaume wenye sharubu nimewaona wanalia mle ndani.

Sasa niwaambie nilikojifunza. Nilipovunja ungo nilichezwa kama wasichana wote wa kwetu Kisarawe. Niliwekwa ndani, nikawa mwali. Mwali hatoki nje, hapayuki, halali anavyotaka. Kungwi, yule mwanamke mzima anayekufunda, alinilaza chali akaniambia nisitikise hata ukope mpaka arudi. Kisha akaenda zake kunywa chai! Nilidhani nitakufa. Halafu nikagundua kwamba ukipigana na mwili wako unawasha kila mahali, lakini ukiupa kazi moja tu unatulia. Unauambia: sikiliza pumzi ikitoka. Basi. Ikitoka tena, isikilize tena. Hicho ndicho nilichowafundisha wagonjwa wa Kibaha, na Mkuu wa Picha, mama mmoja mkali aliyetoka mikoa ya juu, alikuwa anasema, "Nileteeni yule kungwi," kila akipata mgonjwa mgumu.

Kwenye MRI hiyo ndipo nilipowajua wagonjwa wa MS, yaani multiple sclerosis kwa Kizungu.

Ugonjwa huu kwetu si mwingi, ndiyo maana unachelewa kujulikana. Unawakamata zaidi vijana na watu wa makamo, hasa wanawake. Leo jicho moja linaona ukungu, likapona. Baadaye mguu unakufa ganzi, ukapona. Kisha vinarudi kwa njia nyingine. Watu wanasema karogwa, wanasema kiharusi cha kijini, wanasema anajidekeza. Daktari Bingwa wa Neva, aliyekuwa akija kituoni kwetu kuona wagonjwa wa mishipa ya fahamu, nilimuuliza ni kitu gani. Hakunidharau. Alichukua waya wa chaji ya simu yake uliokuwa umechubuka.

"Bi Sikudhani, unaona hii shaba ndani na plastiki nje? Mishipa ya fahamu iko hivi. Kwenye MS, askari wa mwili wenyewe wanaikosea ile plastiki, wanaiona adui, wanaitafuna. Umeme unavuja. Habari inachelewa kufika."

"Askari wa mwili wenyewe?"

"Wenyewe."

"Basi hao ni kama mlinzi anayemwibia tajiri yake."

Akacheka. "Tofauti ni kwamba hawa hawajui kama wanaiba."

Kwenye picha, pale palipotafunwa panaonekana madoa meupe. Tena ugonjwa ukienda mbele, ubongo wenyewe unasinyaa. Mnajua korosho iliyokaa ghalani mpaka kiini kikanyauka, ukiitikisa inacheza ndani ya ganda? Ndivyo ilivyo. Nyama inapungua, na zile nafasi za maji katikati ya ubongo zinapanuka. Ndiyo maana mgonjwa wa MS hapigwi picha mara moja tu. Anapigwa leo na anapigwa tena baadaye, na picha mbili zinawekwa pamoja kuona kilichobadilika. Na ili zilinganishwe, kichwa lazima kilale palepale kilipolala mwanzo. Mkuu wa Picha alikuwa na mstari wa taa nyekundu unaoshuka juu ya uso wa mgonjwa. Mstari ukipita pembeni kidogo alinifokea, "Bi Siku! Kichwa hiki si tikiti maji! Mrudishe!" Namrudisha.

Lakini picha ni nusu tu ya habari. MS inaweza kula miguu, na inaweza kula akili pia. Sisemi wazimu. Mtu anabaki na busara yake, anakujua, anakuchekea, lakini mawazo yanatembea polepole. Anasahau alichotumwa. Mazungumzo ya watu wengi yanampoteza. Na kwa sababu anatembea vizuri na kavaa vizuri, hakuna anayemwamini. Ili kulijua hilo, Bingwa alikuwa na mtihani. Anakutajia maneno, unayarudia, anakuzungusha kwenye mambo mengine, halafu anayauliza tena. Kisha anakupa karatasi yenye alama, mviringo, msalaba, pembe, kila alama na namba yake, na wewe unataja namba haraka haraka saa ikikimbia. Hapo kwenye haraka ndipo MS inapojificha.

Sasa ndiyo naingia kwa Mwalimu Neema.

Neema alikuwa anafundisha shule ya msingi moja upande wa Kisarawe, darasa la tatu. Binti mrefu, mpole, hajaolewa, anaishi na mama yake. MS yake ilishajulikana, na kichwa chake kilishapigwa picha kwetu miaka kadhaa nyuma. Safari hii aliletwa kwa jambo jingine. Shuleni walikuwa wamemchoka. Anaanza somo la kutoa, katikati anasimama, anawaangalia watoto. Anasahihisha madaftari nusu, nusu anayarudisha kabatini. Watoto wakipiga kelele pamoja, anatoka nje ya darasa. Mwalimu Mkuu akaandika kwamba ni mzembe, na mzembe hufukuzwa. Ofisi ya elimu ikataka neno la daktari kwanza: ni ugonjwa, au ni uvivu? Kama ni ugonjwa, apangiwe kazi nyingine. Kama siyo, aondoke.

Na neno la daktari lilikuwa limeshatoka mahali alikopimwa mwanzo. Lilisema kumbukumbu ni nzuri, amejibu vizuri.

Kwa hiyo Neema alikuwa amebakiwa na mlango mmoja, na mlango wenyewe ndio huu wetu.

Walikuja asubuhi kupitia Kiluvya, yeye na mama yake. Mama Neema alikuwa mwanamke mfupi, mnene, Mlutheri wa kwaya, amebeba kikapu chenye chupa ya chai, maandazi, Biblia, na kanga ya ziada. Nilimsalimu Neema akanipa shikamoo nzuri. Nikamuuliza, "Umelala wapi jana, mwanangu?" Mama akajibu, "Nyumbani. Tumeamka alfajiri." Nikauliza, "Umekula?" Mama, "Uji, tena kaumaliza." Nikamuuliza Neema jina la shule yake, mama akalitaja, na jina la Mwalimu Mkuu akaongeza juu, na tabia zake.

Tukaingia kwa Bingwa. Mimi nilikaa mlangoni kama kawaida yangu, kungoja kumpeleka mgonjwa kwenye picha. Bingwa akaanza kutaja maneno: jembe, kanga, mlango, ndizi, na mengine. Neema akayarudia machache. Akanyamaza. Mama, aliyeketi nyuma ya daktari, akaanza kujifunga upya kanga yake, akaivuta, akaikung'uta.

"Kanga," akasema Neema.

Mama akakohoa, akatazama mlango.

"Mlango."

Jamani, nilitaka kucheka. Lakini Bingwa hakucheka. Hakumwona mama, kampa mgongo. Alichokiona ni macho ya Neema. Aliweka kalamu chini akageuka kwangu.

"Bi Sikudhani, huyu binti majibu anayasoma wapi?"

Mama Neema akawa jiwe. Bingwa akageuka taratibu. "Mama, shikamoo. Naomba utupishe kidogo, ukae pale nje."

"Marahaba. Sitoki."

"Mama yangu, ni muda mfupi tu."

"Nimemzaa mimi, nimemuuguza mimi. Jicho lilipoziba nilimwongoza mimi. Leo anafanyiwa mtihani wa kufukuzwa kazi, halafu nikae nje ninywe chai? Sitoki, Daktari. Mwite polisi."

Neema akasema kwa sauti ndogo, "Mama, toka tu." Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, hujui unachosema." Na hilo ndilo tatizo lote, kwa maneno machache.

Niwaambie ukweli, siyo mama huyu peke yake. Kwetu mgonjwa haji hospitali mwenyewe. Anakuja na ndugu, na ndugu kazi yake ni kumsaidia. Akitetemeka unamshika, akishindwa kijiko unamlisha, akishindwa neno unampa. Tunaita upendo, na ni upendo. Nimeona mke anayemjibia mumewe jina la mwezi. Nimeona kaka mtu anayehesabu kwa vidole nyuma ya kiti. Hakuna anayejiona anadanganya. Kule alikopimwa mwanzo mama alikuwa ndani vilevile, akikohoa na kukung'uta kanga, na ndiyo maana karatasi ilisema binti ni mzima.

Bingwa alinitazama akatikisa kichwa. "Hili ni lako," akasema. Akachukua karatasi zake kama mtu mwenye shughuli nyingine.

Nikavuta kigoda nikaketi mbele ya yule mama, magoti yangu yakagusa magoti yake.

"Mama Neema, wewe wa wapi hasa?"

"Kisarawe. Kwani vipi?"

"Hata mimi. Ulichezwa?"

Akanikodolea macho. "Bibi wewe, mimi Mlutheri."

"Walutheri wa Kisarawe tunawajua. Ulichezwa, hukuchezwa?"

Akatazama pembeni kwa daktari, akashusha sauti. "Bibi mzaa mama aliniweka. Baba mchungaji hakuambiwa."

"Siku ile umewekwa ndani, mama yako alikuwa wapi?"

"Nje."

"Hakukupenda?"

"We! Mama yangu?"

"Mbona hakuingia?"

"Mama wa mwali haingii, si unajua. Yupo kungwi."

"Kwa nini haingii?"

Akaanza kupanga upya vitu vya kikapu chake. Nikamwacha apange. Mkuu wa Picha alikuwa ameshachungulia mlangoni mara kadhaa, nikampungia mkono arudi.

"Kwa sababu mama ana huruma," akasema mwisho. "Ataulizwa mwali, atajibu mama."

"Enhe. Na mama yako huko nje alikuwa anafanya nini?"

"Anakoroga mboga. Analia."

"Basi nenda kalie. Mama ntilie yupo pale getini, mwambie akupe kijiti umkorogee. Huku ndani kungwi ni mimi."

Hakuinuka bado. Akanishika mkono. "Akishindwa je? Watamfukuza mwanangu."

"Mama Neema, nisikilize. Wanamfukuza kwa sababu umemfaulisha. Umewaambia ni mzima. Mtu mzima asiyesahihisha madaftari anaitwa mvivu. Mwache ashindwe anaposhindwa, ili daktari apate cha kuandika."

Nimesema mambo mengi maishani mwangu, na mengi nimeyasahau. Uso wa yule mama nilipomwambia hivyo sijausahau. Alitazama mwanawe. Kisha akakusanya kikapu, chupa ya chai, maandazi, Biblia, na ile kanga. Mlangoni akageuka, akafumbua mdomo kutaka kusema kitu kwa Neema, akaufumba. Akatoka.

Bingwa akaanza upya, maneno mengine. Neema akatazama kile kiti cha nyuma ya daktari. Kitupu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama daktari usoni. Alijibu machache. Mengine aliyatafuta mpaka mshipa ukamsimama kwenye kipaji cha uso. Ilipofika ile karatasi ya alama alikuwa anataja namba moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kupima kina kwa fimbo. Hakukosea sana. Alichelewa, alichelewa mno. Saa ilipolia alikuwa bado yuko juu ya karatasi.

"Nayajua," akasema, machozi yanamtoka. "Daktari, nayajua yote. Ni kama nimempigia mtu hodi, namsikia yuko ndani, anakuja, lakini hafiki mlangoni."

Bingwa akaandika maneno yale kama yalivyo. "Huko ndiko kujieleza vizuri kuliko vitabu vyangu," akamwambia. "Wewe siyo mvivu, Mwalimu. Nenda na Bi Sikudhani, tuione na picha."

Kwenye picha alitetemeka. Nilimvua heleni, nikamtoa vibanio kwenye nywele, nikamlaza. Kikapu kiliposhuka usoni akanishika gauni. "Bibi, nitasahau unachoniambia."

"Huna cha kukumbuka humo. Sikiliza pumzi ikitoka. Ukisahau, itakukumbusha yenyewe, haiachi kutoka."

Mstari mwekundu ukashuka. Mkuu wa Picha akatazama picha ya zamani, akatazama kichwa, akasema, "Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema! Hapo. Usipumue, Bi Siku, utamhamisha." Mashine ikagonga, ikagonga. Mimi nilisimama kwenye kioo nimeshika heleni zake. Hakutikisika hata mara moja. Binti kama yule angekuwa mwali mzuri sana.

Picha mbili zikawekwa kwenye kioo cha kompyuta, ya zamani na ya siku ile. Madoa mapya yalikuwepo lakini si mengi, nami nikasema, "Afadhali." Bingwa akasema, "Tazama katikati." Zile nafasi za maji zilikuwa zimepanuka. Korosho ilikuwa imeanza kunyauka ndani ya ganda.

"Kwa hiyo ndiyo picha inayosema amesahau?" nikauliza.

"Hapana. Picha haisomi akili ya mtu. Nimeona mwenye madoa kichwa kizima anafundisha hesabu, na mwenye machache asiyeweza kufuata ibada. Ndiyo maana nataka vyote, picha na mtihani. Hapa vyote viwili vinasema neno moja, na kila kimoja kimesema peke yake bila kunong'onezwa." Alinitazama aliposema kunong'onezwa.

Akaandika. Aliandika kwamba huu ni ugonjwa, kwamba umegusa kasi ya kufikiri na kumbukumbu, kwamba busara yake ya ualimu ipo. Akashauri asipewe darasa lenye kelele, apewe watoto wachache, asubuhi kabla hajachoka, mahali patulivu. Akambadilishia dawa pia. Akamwambia Neema wazi, mbele ya mama yake sasa, kwamba dawa hairudishi kilichoondoka, inapunguza mwendo wa ugonjwa.

Ofisi ya elimu ilimbakisha. Wakampa chumba cha vitabu, na wale watoto wasiojua kusoma wanapelekwa kwake wachache wachache. Mama Neema aliniletea habari hiyo mwenyewe, na fenesi zima kichwani. Nikalicheka lile fenesi mpaka akataka kukasirika. Nikamweleza kwamba kazi yangu yote ilianzia kwenye mfenesi.

Niliendelea mpaka umri wangu wa kustaafu. Waliniaga kwa keki na kitenge, Mkuu wa Picha akatoa hotuba akasema nilikuwa na mikono. Kutoka Matroni wa Kisarawe mpaka yeye, wote waliona mikono. Na mimi nadhani ilikuwa mikono kweli, pamoja na mdomo.

Sasa nipo nyumbani Misugusugu, nina kuku na mchicha. Mjukuu wangu Zuhura anasomea kupiga picha hizi, na mimi nikipita dukani siwezi kununua chumvi bila kumtaja. Juzi alinieleza kwamba kompyuta siku hizi inapima yenyewe ubongo umesinyaa kiasi gani, tena kwa dakika chache. Nikamwambia, "Vizuri sana. Iambie basi imtoe mama nje." Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini baadaye nilimsikia akiuliza nilimwambia nini hasa yule mama, neno kwa neno, na nikamrudilia.

Ninyi mnaoanza, mashine zenu zitakuwa nzuri kuliko zetu. Zifurahieni. Ila mgonjwa ataendelea kuja na ndugu, na ndugu ataendelea kupenda. Msimfukuze kama mwizi. Mpeni kazi ya kufanya huko nje, hata ya kukoroga mboga, kwa sababu kukaa nje wakati mwanao anahangaika ndani ni kazi ngumu kuliko ya mashine.

Wiki iliyopita waligonga hodi hapa kwangu, Mama Neema na Neema. Wametoka kupiga picha nyingine, wamepita kunisalimu. Neema anatumia fimbo sasa. Amenenepa kidogo, amependeza. Nikawakaribisha ukumbini, Zuhura akaleta soda. Neema akakaa, akanitazama, akatabasamu, na nikaona kwamba uso wangu anaujua ila jina halipo.

"Shikamoo..." akasema, akasimama hapo.

Mama yake akafumbua mdomo. Akaufumba. Akashika pindo la kanga akalitia kinywani, akaliuma. Zuhura akataka kusaidia, nikamkata jicho. Tukakaa. Kuku akaingia ndani, akazunguka, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

"Hodi nimepiga," akasema Neema taratibu. "Anakuja." Kipajini ukamsimama mshipa uleule. Kisha uso wake ukafunguka wote. "Bi Sikudhani. Wa Kisarawe. Uliyemtoa mama yangu nje."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba sana."

Mama Neema akatema ile kanga, machozi yanamtiririka, akageuka kwangu na kwa Zuhura na hata kwa yule kuku mlangoni. "Mimi sijasema neno! Mmenisikia? Mmeniona wote, sijasema neno!"